Nyumba ya Kunizikia

Kaloleni, Kisumu

Mdogo wangu Ooko,

Mkeo Lorine aliniletea uji jana, mtamu. Figo zimekataa kabisa; daktari haniambii tena nirudi.

Amenieleza kwamba unanijengea nyumba ya mabati huko kwetu Seme, maana mwanamume hazikwi kwa heshima katika boma ambako hakuwahi kujenga.

"Shemeji, kwani miaka hiyo yote ilikuwa orutu tu?" aliniuliza.

Orutu tu, zeze la uzi mmoja, na shahada yangu ya ualimu ya chuo kikuu chini ya godoro.

Jenga, bwana. Umezoea kujenga nyumba zisizolala mtu. Ulitafuta kazi ya ofisini kwanza, ukasema muziki utangoja mpaka ustaafu. Sasa umestaafu, na unafuga kuku.

Padri alitaka niungame kwamba nilichezea maisha yangu. Sikuungama hilo. Niliungama dharau: nimewadharau wote wanaojiwekea njia ya kurudi nyuma, na wewe kuliko wote, kwa sababu sauti yako ilikuwa bora kuliko yangu. Akasema nikuombe msamaha. Nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa.

Basi siku ya mazishi usishike kipaza sauti kuwaambia watu kwamba ningekuwa mwalimu mkuu mzuri. Imba. Hata sauti ikikwaruza, imba, wasikie kilichonikasirisha maisha yote.

Kaka yako,
Oluoch