Jua na Kundi Lake la Mbali

Jumatatu, 3 Februari
Nina miaka sabini na tisa. Ukame umekuja ukaondoka, nipo. Mto Tana umefurika ukarudi, nipo. Wake wawili nimezika. Daktari aliyesema moyo wangu hautafika Idd, naye nimemzika. Kuandika nilijifunza uzeeni, darasa la ngumbaru, ndiyo maana naandika Kiswahili.

Chai, swala, kiti mlangoni. Hodan akarudi kutoka shule. Mjukuu wangu, namlea mwenyewe hapa Iftin. Anasema nyuma ya sayari zote kuna sayari kibete, Pluto. Zamani ilihesabiwa na kubwa, wataalamu wakakaa, wakaitoa. Nikauliza nani ameiona. "Haionekani kwa macho, awoowe." Ndivyo aniitavyo, babu kwa Kisomali.

Uongo. Nimeswaga ngamia kutoka Banissa mpaka hapa kwa nyota. Hakuna kitu angani nisichokijua.

Jumanne, 4 Februari
Dukani kwa Deka, mbele ya wazee, nimesema: mwalimu asiponionyesha hiyo Pluto, Hodan haendi shule tena. Ataenda Banissa kuchunga mbuzi wa kaka yangu. Deka akasema, "Mzee, miwani iko kichwani kwako na asubuhi yote unaitafuta." Wakacheka. Basi sirudi nyuma.

Hodan hajala. Imeniuma. Lakini neno limeshatoka.

Jumatano, 5 Februari
Mwalimu Mueni amekuja nyumbani. Mtu wa Kitui, Kisomali chake kibovu, salamu zake nzuri. Chai sikumpa. Nikamwambia kwetu ngamia akidumaa bado anapigwa chapa ya ukoo. Nyinyi nani aliwaruhusu kuitoa Pluto? Hakubishana. "Kesho njoo, mzee. Utaibeba mwenyewe."

Alhamisi, 6 Februari
Nimeenda. Getini pa shule mwalimu aliweka mpira: jua. Dunia, punje ya mtama, karibu tu. Tukatembea na darasa la Hodan. Kila sayari mtoto mmoja akabaki nayo njiani. Jupita, ndimu ndogo. Mimi nilipewa Pluto: chembe moja ya sukari. Nikafumba ngumi.

Tukapita duka la Deka. Maduka yakaisha. Bado tunatembea. Mwalimu akasema hapa. Nikageuka. Mpira siuoni. Nikamuuliza Hodan, macho yake mapya. "Labda ile nukta, awoowe. Sina hakika." Mwalimu akasema ukisimama Pluto, jua ni nyota kali tu.

Nilidhani ni mwisho. Akatoa chembe nyingine. Eris. Hiyo, akasema, iko mbali zaidi ya mara mbili ya hapa. Akaonyesha vichakani, mji unapoishia. Na Haumea, na Makemake, na nyingine hazina hata jina.

Nikakaa chini. Nikauliza:

"Na zote bado zinalizunguka jua lile?"

"Zote, mzee. Pluto ilianza mzunguko huu babu wa babu yako hajazaliwa. Haijamaliza."

Hapo nikaelewa. Kwetu ngamia wa maziwa wanabaki nyumbani. Wakavu, wasio na maziwa, vijana wanawapeleka malisho ya mbali. Ujanani mimi nilikuwa huko. Msimu mzima nyumbani hakuna aliyeniona, na mama alinitaja katika dua kila jioni. Tulikuwa kundi letu wenyewe, lakini chapa ile ile ya nyumbani. Nikawaambia watoto: Pluto haikufukuzwa. Imewekwa pamoja na wenzake, kundi la mbali. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Hodan alinishika mkono, ule usio na Pluto.

Ijumaa, 7 Februari
Hodan ameenda shule. Nimemwambia Deka mbele ya wazee wale wale kwamba haendi Banissa. Amecheka. Nimemwacha acheke.

Jana nilipofungua ngumi nyumbani, chembe haikuwepo. Ilikuwa imeyeyuka kwa jasho. Nikalamba kiganja. Tamu kidogo.

Baada ya swala ya Magharibi nimetazama juu kama ninavyotazama miaka yote. Mbingu ile ile. Sasa najua nyuma yake kuna wengi siwaoni, na Mwenyezi Mungu anamwona kila mmoja. Subhanallah.

Anayebisha amuulize Mwalimu Mueni. Amuulize Hodan. Au Deka, aliyeniona nikipita dukani kwake nimefumba ngumi kama mtoto aliyepewa peremende.