Namba Iliyokataa Kusonga

Kitui mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa dada yangu Kavata,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na mwaitu, mama yetu, na wote hapo nyumbani Mbooni. Natumaini goti la mwaitu limepata nafuu sasa baridi ya mlimani imepungua, na kwamba maharagwe hayakuozea shambani kwa ile mvua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na utaelewa ukisoma hadi mwisho. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kumaliza.

Najua umenikasirikia. Tangu hospitali ikusimamishe kazi umekuwa ukinipigia, nami sishiki. Mara ya mwisho tulipoongea ulilia, ukaniambia huenda ni kweli ulisinzia alasiri ile stima ilipopotea, mtoto wa Kanyiva akapoa kitandani mpaka mama yake alipomgusa akapiga kelele. Ulisema kila ukikumbuka unaiona skrini ya mashine ya joto ikisema 36.6, na mtoto hawezi kuwa baridi namna ile skrini ikisema hivyo, basi lazima uliota. Mungu alimnusuru mtoto. Jina lako ndilo lililobaki matopeni.

Sasa nikueleze ya kazini. Siku chache baadaye mkubwa wangu, Wariara, aliniletea moja ya mashine tunazotengeneza za kupima joto la watoto wachanga, akaniagiza nithibitishe kwamba haina hitilafu. Niliipima, ikafanya kazi vizuri kabisa. Lakini mara moja tu, nilipochomoa waya wa stima ili ibaki kwa betri, ilizima yenyewe, na maneno ya mwisho iliyoyaacha yalikuwa upuuzi mtupu. Nikajua kuna kitu kinaharibu memori ndani ya kernel.

Kernel, dada, ni programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine nzima. Ndiyo inayogawa memori: hapa ni pa betri, pale ni pa kipima joto, kama mashamba ya huko nyumbani yalivyopakana. Mmoja akilima kupita mpaka, anayeumia ni jirani, na mkosaji haonekani. Kila nilipoongeza mistari ya programu ya kuniandikia kinachoendelea, vitu vilihama nafasi na kosa likatoweka. Nilianza kushuku akili yangu. Naye Wariara kila akipita mezani aliniuliza kama nimemaliza, kwa kuwa hospitali inasubiri jibu.

Mwishowe niliijenga kernel upya, nikazungushia kila sehemu ya memori ukanda usioruhusiwa kuguswa, ili atakayeukanyaga asimamishwe papo hapo na kutajwa. Nikachomoa stima. Mashine ikasimama, ikataja draiva ya betri, yaani programu ndogo inayowasiliana na betri. Mwaka huu tulibadilisha aina ya betri, na hizi mpya hutuma taarifa ndefu kuliko nafasi iliyotengwa. Hakuna aliyeangalia urefu. Stima ikipotea, sehemu inayozidi humwagikia kwa jirani. Mara nyingi jirani ni nafasi tupu, hakuna kinachoharibika. Siku nyingine mashine huzima. Na kuna wakati jirani ni kipima joto.

Nikarudisha kernel ileile ambayo mashine ilikuja nayo. Nikatumbukiza kidude cha kupimia kwenye maji niliyopasha hadi 36.6, nikawa nachomoa stima na kuchomeka, nachomoa na kuchomeka, mpaka mkono ukachoka. Kisha nikakihamishia kwenye maji baridi, ya kuuma vidole. Skrini ikasema 36.6. Nikangoja. Kengele ya kuonya mtoto akipoa haikulia.

Hapa ndipo nikuambie nililokuficha. Mashine ile ilitoka wodini kwako. Wariara alitaka nithibitishe ni nzima ili lawama ibaki kwa nesi, na hakujua nesi huyo ni dada yangu. Ningemwambia, angempa mtu mwingine, ambaye angeridhika ilipofanya kazi vizuri mara ya kwanza. Ningekuambia wewe, ungeulizwa, na wewe hujui kudanganya. Nikawanyamazia nyote wawili.

Ijumaa nilimwambia Wariara yote. Alikasirika sana, akauliza ni nani atamwamini ndugu wa mshtakiwa. Nikamwambia asiniamini mimi, aamini maji. Akashika simu, akapigia wodi moja baada ya nyingine, akiomba mashine zote ziondolewe na watoto wapimwe kwa mkono. Tukaenda hospitali pamoja. Kanyiva alikuwa ameitwa kutoka kijijini kwao Tulia, akaja na mtoto mgongoni. Mimi sikugusa chochote. Metroni mwenyewe, mkuu wa manesi, ndiye aliyechomoa na kuchomeka, mara nyingi, mpaka alipotia kidude kwenye maji baridi na namba ikakataa kusonga.

Kanyiva akaingiza mkono kwenye maji, akautoa haraka.

"Kwa hivyo sista hakulala," akasema.

Metroni alikuwa bado anaitazama skrini. "Hakulala," akajibu.

Kesho metroni atakupigia urudi kazini. Ukiona namba usiyoijua, tafadhali shika. Kuhusu kazi yangu, Wariara hajasema neno, nami sijamuuliza. Barua hii anakuletea leo binamu yetu Kiilu, mpe chai kabla hajateremka mlima.

Msalimie mwaitu, msomee mpaka mwisho, maana najua alikuwa akikuombea akidhani umekosa. Hukukosa, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Mulinge