Kiti ya Pembeni ya Chauffeur

Tulikuwa tunatoka ku kazi ya usiku, ku depo ya makartoni kule upande wa Westerville, asubuhi, theluji inaanguka ya kulowana. Papa Nshombo alikuwa anachekesha watu mu gari. Alisema chauffeur yetu, donc mimi, anaongeaka na volant tu, ule usukani wa gari, siku ataoa ni volant ataoa, na mahari tutapeleka ku garage. Karoli akacheka mupaka akakohoa. Njo Papa Nshombo akaanza neno ingine, akaliacha katikati. Niliangalia mu kioo. Mudomo yake ilikuwa imeenda upande moja, na mukono yake ilikuwa inatafuta kitu juu ya goti, haikipati.

Dada Séphora, unisamehe. Nimeanza kusimulia na sijakusalimia. Kichwa yangu iko vile sasa, kila kitu inaanziaka ku ile barabara. Bon. Nakusalimia mu jina la Bwana, wewe na shemeji na mutoto. Mutoto ameota meno? Baridi ya kule Finlandi inapita hii yetu? Sisi hapa Whitehall, pembeni ya Columbus, tuko, tunapumua. Mama iko, magoti inamuuma kama kawaida. Gloire, mudogo wetu, iko, amekuwa murefu. Mama akimuita kwa Kiswahili anajibu kwa Kingereza, na Mama anamuambia Kingereza haioshi masahani.

Labda unajiuliza juu ya nini nimeandika ku karatasi, na simu iko. Ni juu message ya sauti shemeji anaifunguliaka mu salon, watu wote wanasikia. Na huku kwetu ukuta ni kama karatasi, yenye nasema mu chumba yangu Mama anaisikia ku jiko. Unajua mimi kuongea haikuwaka kazi yangu. Kuandika pia si sana, niliachia masomo ku mwaka ya ine kule kambi ya Nakivale. Soma polepole, na pale nimekosea utengeneze mwenyewe.

Sasa nikuelezee ile gari. Tulipotoka Louisville tukakuja huku Columbus juu ya kazi ya depo, mu jengo yetu hakukuwa mutu wa kwetu mwenye permis ya kuendesha, ila mimi. Na huku bila gari hauna kazi, hauna kanisa, hauna hata chumvi. Bus haifiki ku depo. Donc nikakuwa chauffeur ya watu wote. Mama ku kiti ya pembeni yangu, nyuma majirani, Papa Nshombo, Mama Dative na Karoli. Kwetu unajua vile iko, mwenye gari akikataa kubeba watu wanasema amekuwa muzungu. Sikukataa hata siku moja. Nikiwa mugonjwa tunaenda. Nikitaka kubadilisha kazi, siwezi, juu saa yangu ya kazi njo saa yao.

Mama alijaribu examen ya kuendesha. Ile ya maswali alipita. Ile ya barabarani alianguka mara tatu. Mara ya kwanza alipanda juu ya ukingo. Mara ya pili alisimama mahali hakuna kusimama. Mara ya tatu aliacha gari izimike, akakalisha mikono mu miguu kama mutoto mwenye ameambiwa akae. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nikiangalia. Karoli alimutania sana, alisema Mama Séphora akipewa permis, mbuzi wote wa Bukavu watapewa permis. Mama akacheka na yeye. Papa Nshombo hakucheka. Niliona, nikafikiri ni adabu ya muzee.

Njo ikakuja hii maneno ya Buffalo. Mujomba Jean-Baptiste, mwenye iko na ile duka ya unga na samaki ya kukauka ku Grant Street, alinipigia simu mu mwezi ya kumi na moja. Karibu na kwake kuko centre moja, inafundisha vijana soudure, kuunganisha vyuma. Hawaulize diplome. Asubuhi wanakufundisha lugha na hesabu, nyuma ya saa sita unashika chuma. Nilienda kuwaona siku moja na bus, nikamuambia Mama naenda kusalimia Mujomba. Dada, walinipatia ile kofia ya kufunika uso, nikashusha kioo yake, nikaona moto unakimbia ku chuma na nyuma yake chuma mbili zimekuwa moja. Bibi mwenye anafundisha aliangalia ile mustari yangu, akaniuliza nani alinionyesha. Nikasema hakuna mutu, nilikuangalia tu wewe. Akasema nikuje.

Na kuko kitu ingine. Ku mwisho ya mafunzo wanachaguaka wanafunzi wawili, wanawatuma Ujerumani, ku fabrike yenye wanashirikiana nayo, wiki sita, wajifunze vile kazi inafanyika kule. Nilikumbuka wewe vile masomo yako ya kule Finlandi ilikutuma ku hospitali ya Ujerumani, ukatuma foto umevaa nguo nyeupe. Ulisemaka kule Ulaya kijana anawekwa kwanza ku masomo, anapewa kazi ya mikono, anatumwa ku inchi ingine aone vile wengine wanafanya. Nililiaka juu ya ile maneno, sikukuambia. Huku Amerika walinipatia kazi siku chache tu nyuma ya kushuka ndege, na kutoka pale hakuna mutu aliniuliza tena ninajua nini. Nikafikiri, nikichaguliwa nitakuja Ujerumani, wewe utapanda train na mutoto, tutaonana.

Nilimuambia Mama. Alikuwa anasonga bugali, hakuacha kusonga. Akasema ni vizuri, ni baraka, niende kabisa. Lakini watu wa gari watabakia na nani? Ngoja kwanza apate permis, njo niende. Tukaenda ku examen, mwezi ya kumi na mbili. Hiyo njo ile mara ya tatu, gari ilizimika. Ku Buffalo masomo ilikuwa inaanza mwezi ya kwanza. Nilipigia Mujomba nikasema waniwekee nafasi mu kundi yenye itafuata. Karoli, mwenye alikuwa anajifunza kuendesha na mimi, akapata kazi ya pili ya muchana na akachoka kujifunza. Basi.

Narudi ku ile asubuhi. Nilisimamisha gari pembeni ya barabara kubwa. Malori ilikuwa inapita karibu, gari inatetemeka. Karoli akatoa simu aite ambulansi. Papa Nshombo akatikisa kichwa, hapana. Kule Louisville ambulansi ilimubebaka mara moja juu ya tumbo, facture, ile deni ya hospitali, ikamufuata miaka na miaka, kila mutu mu gari anaijua ile hadithi. Watu wetu wanaogopa ambulansi kuliko ugonjwa. Mama Dative akasema hospitali haiko mbali, tuendeshe tu. Karoli akarudisha simu mu mufuko. Hakuna mwenye alikataa. Mimi pia sikukataa.

Lakini miguu yangu, dada, ilikufa. Nilikuwa nasukuma na haisukumi. Nilikuwa naona malori mu kioo na sijui nitaingia katikati yao namna gani, na mimi naingiaka kila siku. Mikono imeshika volant, haisikii.

Njo Papa Nshombo akasema, na ule mudomo wa upande, pole pole, lakini tulisikia wote:

"Mama Séphora. Kamata volant. Unajua."

Mama hakugeuka. Alifungua mukanda ya kiti. Kisha akafungua mulango, akazunguka mu theluji na viatu yake ya kazi, akafungua upande yangu, akaniambia nishuke niende nyuma nishike kichwa ya muzee. Nilishuka. Akasogeza kiti mbele, juu miguu yake ni mifupi. Akatengeneza kioo. Akaweka taa ya pembeni, akaangalia nyuma ya bega, akangojea lori ya kwanza, ya pili, akaingia.

Aliendesha muzuri kunishinda. Mikono ilikuwa inatembea ku volant bila kuharakisha. Pale barabara ilikuwa na barafu hakukanyaga frein, aliacha gari ipunguze mbio yenyewe. Hiyo haifundishwi siku moja. Nilikuwa na kichwa ya Papa Nshombo ku mapaja, macho yake yalikuwa yanaangalia mikono ya Mama pale katikati ya viti, na nilifikiri anafurahi. Sijui kama mutu anaweza kufurahi saa ile.

Ku hospitali walimuingiza mbio. Nyuma ya masaa, daktari akakuja na simu, na mu simu mulikuwa mutafsiri, mwanaume, nafikiri wa Tanzania. Akasema kwa Kiswahili ya muzuri sana kwamba mzee wetu ametutoka, na kwamba daktari anauliza kwa nini hatukuita gari la wagonjwa pale pale, wangeanza kumhudumia njiani. Mama Dative akaanza kulia. Karoli alisimama akiangalia simu yake mu mukono. Mutafsiri akangojea, akauliza kama bado tunamsikia.

Ku parkingi Karoli akamuambia Mama kwa sauti ya chini, "Mama Séphora, ule permis ulianguka mara ngapi vile?" Siku zingine tungecheka. Mama akanipatia kifunguo, akarudi ku kiti yake ya pembeni.

Tulimuzika Louisville, karibu na kaburi ya muke wake. Wanakwaya waliimba, wachungaji wakaongea murefu. Nyuma ya maziko Mama akaniomba nimupeleke ku ile kanisa yetu ya zamani. Nilifikiri anataka kuomba. Hakuingia. Alitembea mupaka mwisho ya parkingi, kwenye kuko nguzo ya chuma ya rangi ya manjano, akaweka mukono pale imebonyea.

Aliniambia hapa njo Papa Nshombo alimufundisha, mwaka yetu ya kwanza, siku za posho, jumamosi, mimi nikiwa ku fabrike ya kuku. Walitumia ile gari ndogo yake, yenye aliiuza kisha, juu macho yake ilichoka, akaacha kuendesha. Nguzo aliigonga yeye siku ya kwanza, na Papa Nshombo alicheka mupaka akaketi chini. Mbele tuhamie Columbus alikuwa anaendesha mupaka ku daraja ya mto na kurudi. Nilimuuliza, basi ku examen? Kulikuwa na upepo, alishika kitambaa ya kichwa.

"Sikuanguka, Ombeni. Nilijiangusha. Baba yenu alikamata volant ya lori, akaenda, hakurudi. Séphora akapanda ndege, akaenda. Nikajua siku mimi nitapewa ule permis, hautakuwa tena na sababu ya kubakia."

Ni vile alisema. Akaongeza kwamba Papa Nshombo alikuwa anamukataza kila siku, lakini yeye Mama alimuapisha anyamaze, na muzee mwenye ameapa hawezi. Nikakumbuka yale matani, chauffeur ataoa volant. Kila asubuhi muzee alikuwa anakaa nyuma yangu na anajua. Sasa sijui ilikuwa kunichekesha ama kunililia.

Nilitaka kukasirika, hasira ilikuja ikasimama tu, haikuingia. Tulirudi Columbus, mimi naendesha, yeye pembeni. Njiani alikuwa anamenya karanga, ananiwekea mu mukono, vile anafanyaka tangu zamani. Nilikuwa nakula. Sikujua kufanya kitu ingine.

Sasa, dada, wewe njo wa kwanza kujua, na ninakuomba usimupigie Mama juu ya hii, usimuulize. Mujomba amesema centre inafungua kundi mupya mwezi ya ine. Nafasi yangu ikipita hapo, wanaiachia mutu mwingine, na hawanipatii ya tatu. Karoli ameacha kabisa kujifunza kuendesha. Mu gari wote wanangojea Mama apate permis. Kile kiti ya Papa Nshombo hakuna mwenye anaketi. Mama Dative anawekaka kikapu yake pale.

Examen ya Mama ni leo. Jana nilimuambia, Mama, usijiangushe. Alikuwa anapasi ile robe yake ya kanisa. Akasema atafanya yenye Mungu atapenda. Hiyo si jibu, na wewe unajua si jibu.

Umusalimie shemeji sana. Umubusu mutoto ku mashavu yote mbili, umuambie kuko mujomba huku. Uombee Papa Nshombo, na utuombee na sisi wenye tulirudisha simu mu mufuko. Gloire anasema hi. Mama hajui kama nakuandikia, lakini kama angejua angesema ujifunike muzuri, baridi ya kule isikuingie mu mifupa.

Lazima niende. Mama amekwisha kuvaa, iko mu gari tangu saa ya chai, ku kiti ya pembeni, mikono juu ya kibeti. Kule ku examen njo tutabadilishana viti. Yeye ataingia na ule mutu wa kutoa alama, na mimi nitasimama inje mu baridi. Sitaangalia barabara, wala ukingo, wala kama gari imezimika. Nitaangalia mikono yake. Mikono yake nimekwisha kuiona ikifanya kazi, haiwezi tena kunidanganya.

Amepiga honi. Naenda.

Ni mimi mudogo yako,
Ombeni