Kibodi ya Sista Niliyoianika kwenye Chanja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia huko Mbinga mvua zimewahi. Kifua chako je, kimepona? Dada Felista anayekusomea asome taratibu, asiruke palipo pabaya. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii.

Uchumaji wa kahawa ulipoisha, nilipata kazi ya kubeba maboksi kwa Mzee Lyimo, anayeuza kompyuta zilizotumika hapa Moshi mjini. Amenifundisha kuzitambua kibodi za zamani, yaani ule ubao wa vitufe ambao mtu huandikia. Ya zamani ni nzito kama jiwe la kusagia, waya wake umejisokota, na chini ya kila kitufe kuna springi. Ukibonyeza inalia ta! Mpya ziko kimya, ni kama unabonyeza ugali.

Sista Benigna, mwalimu wa Kibosho, anayo moja ya zamani. Mpya hazitaki kabisa. Alimwambia mzee, "Macho yangu yamechoka. Hii ikilia, najua herufi imeingia." Majuzi ilimwagikiwa chai, akaileta isafishwe, maana ana mitihani ya watoto ya kuandika. Mzee akaniambia, "Pangusa tu," akaenda zake Tarakea.

Mama, niliona kitambaa hakifiki chini. Nikafanya kama ulivyonifundisha kwenye kahawa. Niliiloweka yote kwenye beseni, nikaisuuza mpaka maji yakatakata, nikaianika kwenye chanja ya kukaushia kahawa ya Mama Aika, mwenye nyumba wangu. Jioni ilikuwa kavu, nikajisifu.

Mzee aliporudi akaichomeka. Vitufe vyote vinalia, lakini vingine havitoi herufi kwenye skrini. Tukaianika tena jua la siku nzima, ikabaki vile vile.

"Wewe Mngoni! Umeosha kompyuta kama buni?"

Wateja wakacheka. Mzee hakucheka. "Utampelekea mwenyewe. Asipokusamehe, usirudi hapa."

Nikifukuzwa hapa, chumba nitakilipia nini? Nikirudi huko, kahawa yenyewe haina bei. Usiku silali.

Mama Aika akanikatia jani la sale, mmea unaoheshimiwa na Wachaga, kwenye mpaka wa kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani. "Mpe kwa mikono miwili, useme ukweli. Kwetu, aliyeletewa sale hakatai kusamehe."

"Hata sista?"

"Sista alizaliwa na nani? Si Mchaga mwenzetu?"

"Na mimi nisiye Mchaga?"

Hapo akaenda zake kukatia ng'ombe majani.

Mama, kuna jambo linaloniogopesha kuliko kufukuzwa. Sista anaamini ule mlio. Akiipokea kwa furaha, ataandika mitihani yote huku inalia vizuri, na nusu ya maneno hayamo. Ningeweza kumwachia mlangoni nikaondoka. Nimeliwaza hilo, sikufichi. Lakini nitasema kabla hajaigusa.

Nisalimie baba mdogo katekista, aniombee. Msalimie na shemeji, mke wa kaka, na mwanawe niliyemwacha mgongoni. Dada Felista, asante kwa macho yako.

Barua hii naitia posta asubuhi, kisha napanda Kibosho, kibodi begani na jani mkononi. Mama Aika anasema sale halinyauki upesi. Mimi ndiye ninayenyauka.

Mwanao,
Kosmas