Njia ya Nyuma ya Kambove

Likasi, Ijumaa tarehe 10 Juni 1994

Mudogo wangu Hortense,

Nakusalimia sana, weye na bwana yako Ambroise, na watoto wetu Jessy na Sephora. Hapa tuko, tunapumua. Clémentine wangu anakohoa kwa vumbi hili la kiangazi, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo yote. Minye mwenyewe nimefika miaka arobaini na tisa. Tumbo limekwisha, nywele zimekwisha, yamebaki masikio tu, na ukinipita sokoni utauliza huyu muzee ametoka wapi. Na huko Mwene-Ditu mnaamkaje? Unga wa bukari unapatikana? Wamekupa darasa la kufundisha, au bado unawafundisha kuku wa jirani?

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa sista mmoja wa parokia. Nilifurahi, kisha nikaona umenirudishia na ile yangu ya mwezi wa pili, makosa yote umeyazungushia wino mwekundu. Vraiment, mwalimu ni mwalimu hata akifukuzwa kwa treni. Hii ya leo usiisahihishe. Isome tu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, nani alimvunja Ambroise mfupa wa bega, na kwa nini kila ukitaja jina langu anaacha sahani na kutoka nje. La pili, kwa nini Mama Joëlle, jirani yetu, kila anapokutumia salamu hasemi chochote juu ya mwanawe Séraphin uliyemfundisha kusoma. Unaona ni maulizo mawili. Ni moja, mudogo wangu. Keti kwanza.

Unaikumbuka ile njia ya changarawe nyuma ya Kambove, ambayo kampuni ya shaba iliitengeneza chini ya nyaya za umeme wa bwawa la Koni. Tangu mafuta yalipopotea hakuna gari linalopita kule. Unaweza kukanyaga pedali za kinga tangu asubuhi mpaka jua la kichwa, usisikie injini hata moja, kokoto tu chini ya magurudumu na ndege. Ukifika kwenye mgongo wa kilima unaona milima ya Mitumba imepangana mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho umekaribia kuwa hewa. Ambroise alikuwa anavua kofia pale. Ulikuwa unatucheka kila siku ya Mungu baada ya misa: wanaume watatu wazima wanatoka jasho kilomita arobaini na hawarudi hata na muhogo. Ambroise, minye, na Séraphin nyuma. Séraphin alikuwa na miaka ishirini na mbili na miguu ya mbuzi, lakini nilimwekea sheria, eti kwa sababu minye ni mkubwa: anayetangulia hageuki nyuma, wa nyuma ndiye anayemlinda. Ukweli ni kwamba nikigeuka nilikuwa naanguka.

Kuna na sheria nyingine ya njia ile, si yetu, ni ya wabeba makaa wote. Mteremko wa mwisho ni mkali, breki hazitoshi. Basi kule juu kuna lundo la vigogo. Unachukua kimoja, unakifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, kinaburuta, unashuka polepole kama muzungu anayempeleka mbwa wake kutembea. Chini unakifungua na kukiacha kwenye lundo lingine. Anayepanda anachukua kimoja, anakirudisha juu. Hakuna anayesimamia, na vigogo havijawahi kukosa.

Bon. Mwaka jana, walipoanza kusema kila mtu wa Kasai arudi kwao, wakachoma nyumba ya muzee wa Kasai, Papa Benoît, naye ndani, weye uliondoka na watoto kwa treni kwa sababu uliniamini. Nilikuambia Ambroise nitamleta mwenyewe. Alikaa siku kumi na moja katika stoo yangu, kati ya magunia, akilalamika kwamba Clémentine anapika sombe bila chumvi. Stesheni ya hapa ilikuwa imejaa vijana wenye fimbo na mipanga, wanachagua watu kama mtu anayechagua nyanya. Njia ya lami ilikuwa na vizuizi vitatu. Nikasema tutapita njia yetu, mpaka kituo kidogo mbele ya Kambove ambapo treni inasimama kuchukua maji. Nilijisifu kwamba hakuna anayeijua. Na nani alimfundisha Séraphin kila kona ya njia ile? Minye.

Tulitoka asubuhi, kila mmoja na gunia la makaa, tuonekane wabeba makaa. Kwenye mgongo wa kilima Ambroise alivua kofia kama kawaida. Akasema milima hii haitamuuliza kabila. Tukafunga vigogo, tukashuka.

Walikuwa vijana wanne, kule chini, mahali ambapo mwenye mzigo hawezi kugeuka. Séraphin alikuwa katikati yao, amefunga kitambaa chekundu mkononi kama wao. Wenzake walimvuta Ambroise chini, wakampiga kwa fimbo mgongoni na usoni mpaka meno mawili yakabaki kwenye changarawe. Baiskeli yake waliipindua, wakakanyaga gurudumu mpaka likakunjika. Mmoja akaniuliza kama sioni aibu, mutu wa hapa, kumbeba huyu. Nikasema ni bwana ya dada yangu. Wakacheka sana. Wakasema basi, kama minye ni wa kwao kweli, nimpige mwenyewe waone.

Nilikuwa na ile pampu yangu ya chuma, ndefu, unaijua. Nilipiga mara ya kwanza kama mtu anayekung'uta mkeka. Wakaniambia muzee, unajaza upepo? Wakaweka mpanga kwenye shingo yake. Ambroise aliniangalia, mdomo umejaa damu, akasema, shemeji, unapiga vile unavyopanda kilima, fanya basi. Alitaka nicheke. Nilipiga mara ya pili, na mfupa ukasikika. Kwa hiyo ulizo lako la kwanza lina jibu: ni minye.

Laiti ingekuwa hiyo tu.

Watatu walichukua magunia na kinga yake iliyokunjika, wakasema wanaenda mbele kijijini kula. Séraphin aliwaambia atamaliza mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wake wa kujuana naye. Wakampigia makofi. Walipopotea kwenye kona, aliniita papa Isidore, kwa heshima, vile alivyoniita siku zote. Akasema, tangulia, papa, na usigeuke nyuma.

Nilitangulia, nikisukuma kinga yangu. Hatua kumi hivi, mpaka kwenye lundo la vigogo, nikakifungua changu. Nilisikia anaongea kwa sauti ya chini, kisha nikasikia mpanga unapiga kitu. Hapo niligeuka. Alikuwa ameinama juu ya shemeji yangu, mkono juu. Nilichukua kigogo kile kile nilichoshuka nacho, kamba bado inaning'inia, nikampiga kisogoni. Alianguka kwa magoti. Nikampiga tena, na tena, Hortense. Sikuacha alipolala. Sikuacha alipokuwa hana uso. Minye ninayemwita Clémentine aje kuchinja kuku. Kilichonisimamisha ni Ambroise, alikuwa amenishika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja uliobaki mzima, analia, ananiambia acha, Isidore, acha, mutoto alikuwa ananiponyesha.

Mpanga ulikuwa umeingia kwenye mzizi wa muti, karibu na sikio la Ambroise. Séraphin alikuwa amemwambia alale kama maiti, atakata muti mara mbili tatu, wenzake wasikie, kisha atakwenda zake na sisi tutaendelea. Ndiyo maana aliniambia nisigeuke. Kama ningejua, mwenzake mmoja akirudi angeuona ukweli kwenye sura yangu. Aliniwekea sheria niliyomfundisha mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu minye nikageuka bila kuanguka.

Tulimweka katika shimo moja la zamani la kupimia shaba, hatua mia mbili kutoka njiani, tukajaza changarawe kwa mikono, Ambroise kwa mkono wake mmoja. Alisali, minye sikuweza. Kisha nilimpakiza kwenye kinga yangu, tukazunguka kijiji kwa vichakani mpaka kwenye treni. Kabla ya kupanda nilimwomba asikuambie. Aliapa. Kwa hiyo anapoacha sahani na kutoka nje, usimkasirikie. Si bega. Anakaa na kiapo changu mdomoni, na jina la mutoto aliyekufa akimwokoa.

Sasa Mama Joëlle. Wale watatu walimwambia Séraphin alikwenda kuchimba madini huko vichakani, wao wenyewe wanaamini hivyo, au wanataka kuamini. Na nani anazijua njia za vijiji vile kuliko papa Isidore wa kinga? Alikuja kwangu siku ya nne. Tangu wakati huo, kila Jumamosi, siku ya Posho, ninampakiza kwenye kerya ya nyuma ya kinga, tunakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza kama wameona kijana mrefu mwenye kovu kwenye kidevu. Mwaka mzima sasa. Ni mzito yule mama, na ananitania kwamba ninapumua kama treni. Kwenye mgongo wa kilima ananiomba tusimame kidogo. Anasema hakujua kwamba kuna milima mizuri hivi, sasa ameelewa mwanawe alikuwa anafuata nini huku. Kisha minye ninafunga kigogo, tunashuka. Mara mbili kilichonijia mkononi ni kile kile cha siku ile. Nilikitambua kwa fundo. Hakuna aliyekitupa, kinapanda na kushuka kama vingine, na nyuma yangu mama yake anakisikia kinaburuta na anaimba rozari.

Clémentine nimemwambia juzi. Hakunigombeza. Alinivulia viatu tu, akaniambia miguu hii imechoka kudanganya. Mwaka huu wote niliogopa wale vijana, nikaogopa gereza, lakini kuliko vyote niliogopa Posho moja yule mama ataacha kunitania. Kesho ni Posho. Tukifika chini ya mteremko sitaendelea kijijini. Nitaegesha kinga, nitamshika mkono, hatua mia mbili, na nitamwonyesha changarawe iko wapi. Atakalofanya, ni haki yake. Mwambie Ambroise kiapo kimekwisha. Aseme, ale, amtaje Séraphin mbele ya watoto, wajue nani aliwaachia baba.

Nipigie magoti kwa shemeji yangu, mbusu Jessy, mwambie Sephora mjomba ameona daftari yake, ana mwandiko mzuri kunipita. Clémentine anawasalimia wote. Mama Joëlle naye anakusalimia sana, mwalimu. Amepita sasa hivi, ameona naandika. Ametuletea mikate mitano ya njia ya kesho, miwili yake, mitatu yangu, kwa sababu, amesema, minye ndiye ninayekanyaga.

Yaya yako mukubwa,
Isidore