Mgombea Aliyewaambia Wabaki Nyumbani

Jumamosi, 28 Oktoba 1876

Nimeufyata mkia! Mbele ya watu wangu wote.

Mkutano ulikuwa nje ya kanisa. Nilikuwa nimesimama juu ya gari la nyumbu, ndiyo kwanza naomba kura, wazungu wa mashati mekundu, wale wasiotaka sisi weusi tupige kura, wakaingia na farasi wao, bunduki mapajani. Wakatuzunguka. Eti nao wapewe zamu ya kusema. Mkuu wao, Kanali Pruitt, akasogea hadi kwenye gurudumu akaninong'oneza: waambie wasiende kupiga kura, nawe utazeeka.

Nikawaambia. Kwa sauti ileile niliyopitishia sheria ya shule bungeni kule Columbia, mji mkuu wa jimbo letu! Miaka sita ya uheshimiwa — halafu "ndugu zangu, siku hiyo bakini mashambani."

Kanali akapiga makofi. Peke yake.

Jumapili, 29 Oktoba

Kanisani hakuna aliyenisogezea nafasi. Shangazi Phibby akaniita kwa sauti: "Njoo huku nyuma, Mheshimiwa! Karibu na mlango, usije ukachelewa kukimbia."

Wakacheka. Nami nikacheka nao. Hilo ndilo linalonichoma zaidi — nilicheka.

Jumatano, 1 Novemba

Nimekuta godoro langu barazani. Mke wangu, Tamar, hakugomba wala hakulia. Alisema tu: "Mzungu aliniuza nikiwa na miaka tisa, Tobias. Sikudhani nitauzwa tena, na mume wangu."

Nikamwambia nilitaka kuwaokoa, wangetufyatulia risasi. Akauliza, mbona wewe ndiye uliyeahidiwa kuzeeka?

Nikalikung'uta godoro, nikalitandika palepale barazani.

Jumatatu, 6 Novemba

Shati jekundu mmoja kanipungia mkono barabarani, kama rafiki. Bora angenitemea mate.

Jumanne, 7 Novemba

Siku ya kura. Nipo dirishani, nimejificha nyuma ya pazia kama mwizi — ndani ya nyumba yangu!

Wanapita. Wanaume katikati, wanawake, ambao sheria haiwaruhusu kupiga kura, pande zote mbili kuwalinda, na mashoka, na mipini ya majembe. Tamar yuko mbele. Hakugeuza shingo.

Shangazi Phibby kasimama kwenye ua. "Mheshimiwa! Tunakwenda kukupigia kura."

Nilidhani ananikejeli. Hakuwa anacheka. Akainua karatasi ya kura ya mmoja wa wanaume, jina langu limechapwa juu yake. Nikafungua dirisha kidogo, nikamwambia: Shangazi, sistahili, mngemchagua mwingine.

"Hustahili, kweli," akasema. "Ila jina hili tulilipandisha sisi, wakati wewe ulikuwa bado unavaa viatu vya kuazima. Haliwezi kushushwa na Pruitt, wala na wewe."

Akawafuata wenzake.

Aibu! Laiti wangenipiga mawe. Wanaenda kufa kwa ajili ya jina langu, nami ninalichungulia dirishani.

Nasikia farasi upande wa daraja. Wengi. Ni akina Pruitt. Akina Tamar hawajafika hata kwenye njia panda — wanaimba, hawawezi kuwasikia. Nikikimbia sasa nitawahi kuwaonya. Nimeshavaa kiatu kimoja. Cha pili nimekishika mkononi, na bado naandika