Karanga Zako Ukumbini

Mpendwa mama,

Jana nilipita pale chuoni Kasulu. Getini wamebandika tangazo la filamu nyingine, nami nikalisoma kwa hofu, utadhani nitakukuta humo tena.

Unakumbuka nilivyokurekodi kwa simu shambani Heru Juu, ukimenya mihogo na kuimba Kirundi? Ulinigombeza: "We mtoto, hata kilemba sijafunga!" Ilikuwa filamu fupi tu ya maisha yako, tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila hadi ulipopata uraia na kijishamba chako. Nilitaka wenzangu wa chuoni wakuone, basi.

Lakini Filbert, mwenyekiti wa klabu yetu ya filamu, alinicheka. "Filamu ya mihogo nani atakuja? Bila kiki hamna watu, dada." Nikadhani ni maneno tu. Kumbe alishachapa picha yako kubwa, na chini yake: MKIMBIZI AU RAIA? NJOO UAMUE. Niliiona asubuhi ya siku ya maonyesho, ikiwa imeshazagaa kwenye simu za watu, nawe uko njiani kwa bodaboda na kapu la karanga za kuchemsha. Kwako, mtu akija kukuona haondoki mdomo mtupu.

Ulinikuta getini nikilikwangua lile tangazo. Ulisoma yote, taratibu, ukakaza kitenge, ukaniuliza, "Wageni wameshaingia?"

Ukumbi ulifurika hadi madirishani. Hata taa hazijazimwa, kijana mmoja akapaza sauti, "Mama, kura unapigia wapi?" Watu wakaangua kicheko. Ukamfuata pale pale alipokaa. "Heru Juu, mwanangu. Kinga mikono." Ukamjazia karanga. Alizitafuna, mama. Wote walizitafuna. Filbert akaninong'oneza huku akitabasamu, "Si unaona nyomi?" Hadi leo nikilikumbuka tabasamu lile namchukia.

Ulizoea kusema kizuri chajiuza. Chako hakikupewa hata nafasi ya kujiuza.

Hatukuwahi kulizungumza. Ila sokoni, wenzako wa Mtabila wakikusalimu kwa Kirundi "Amahoro," ulianza kuwajibu "Salama" na kuinamia maharage yako. Nyumbani nyimbo zikaisha. Hata ulipolazwa, nilipokuinamia nikakuuliza kwa Kirundi kama unataka maji, uliutazama mlango kwanza. Kisha ukajibu kwa Kiswahili, "Ndiyo, mwanangu, naomba." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho.

Watu wananiambia nisamehe, yamepita. Yamepita kwao. Mimi ile filamu bado ninayo, na huwa naifungua pale tu unapoimba. Nikimaliza nalia, kisha naenda kupika.

Leo nakuandikia nikiwa chumbani kwako. Mlango nimeuacha wazi makusudi, majirani wanapita, nami nakuaga kwa sauti, kwa lugha uliyonilelea: urabeho, mama. Urabeho.

Binti yako